Kwa nini hina hulazwa: usindikaji na kile ngozi yako inachopata kweli

Nyumbani kwa shangazi yangu, Magomeni, hina ya bibi harusi haikandwi na kupakwa papo hapo. Kwanza unga unachekechwa kwa kitambaa cha melimeli, mara mbili, na kinachobaki juu kinatupwa. Ndimu zinakamuliwa, maji yake yanamiminwa kidogo kidogo huku mkono mwingine ukikoroga, mpaka mchanganyiko uwe mzito wa kushika kijiko. Bakuli linafunikwa kwa plastiki na kuwekwa pembeni mwa jiko, penye fukuto. Linalala. Baada ya saa kadhaa shangazi analifunua. Juu pamegeuka kahawia, chini bado ni kijani. Anachovya kidole, anagusa kiganja chake, anasubiri dakika tano, anafuta. Ikiacha doa la rangi ya chungwa anasema, "Imeiva." Isipoacha, anafunika tena.

Nikiwa msichana nilimuuliza kwa nini tusikoroge kwa maji ya bomba tu tukapaka, maana mkesha ulikuwa umekaribia. "Mwanangu, ya maji ya haraka haishiki," alinijibu, na hakuongeza neno. Ilinichukua miaka kujua kwamba alikuwa ananifundisha kemia.

Rangi ya hina inaitwa lawsoni. Lakini ndani ya jani haikai ikiwa tayari. Imefungwa na sukari, na ikiwa katika kifungo hicho haina uwezo wa kushika ngozi. Asidi ya ndimu, ikisaidiwa na vimeng'enya vya jani lenyewe, hukata kifungo hicho taratibu na kuiachia rangi. Joto huharakisha kazi, ndiyo maana bakuli huwekwa penye fukuto. Rangi ikishaachiwa huungana na protini ya kwenye tabaka la juu la ngozi, ile ile iliyomo kwenye kucha na nywele, na haioshwi kwa sabuni. Huondoka ngozi ya juu inapopukutika. Ukizidisha kuilaza, oksijeni ya hewani huimaliza nguvu kabla haijagusa mkono wa mtu. Kwa joto la Dar es Salaam, hina iliyosahaulika siku mbili mezani hutoa rangi dhaifu, hata kama unga wake ulikuwa wa daraja la kwanza.

Jani ni lile lile na unga ni ule ule. Kilichotofautisha mkono uliokolea na mkono uliofifia ni jinsi unga ulivyoshughulikiwa. Mimi nakamua mafuta na kutengeneza bidhaa za ngozi katika chumba kimoja huku Temeke, na kila siku naulizwa swali moja: "Hii ina nini ndani?" Ni swali zuri, ila ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: hicho kilichomo kimefanywaje kabla ya kufika kwenye kopo?

Ili kuona uzito wa nusu hiyo, tuanze na ngozi yenyewe. Tabaka lake la juu kabisa ni seli zilizokufa, zimepangwa kama matofali, na katikati yake kuna mafuta yanayofanya kazi ya udongo wa kujengea. Sehemu kubwa ya mwili unene wa ukuta huu ni mikromita 10 hadi 20 tu, mwembamba kuliko unywele, lakini kazi yake ni kuzuia, na inaijua. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Uholanzi, Bos na Meinardi, waliandika kanuni ambayo watengenezaji wa vipodozi wanaitumia mpaka leo: molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupata tabu sana kupenya ngozi nzima. Lawsoni ina daltoni 174, ndiyo maana inaingia kwenye ukuta na kukaa humo. Kolajeni, protini inayoishika ngozi kwa ndani, ambayo mitaani tunauziwa krimu zake kwa bei ya kutisha, ina daltoni kama 300,000. Hata ikikatwakatwa kwa vimeng'enya ikabaki vipande vya elfu chache, bado ni vikubwa. Hukaa juu, huzuia maji yasitoke, ngozi ikalainika. Hiyo ni faida ya kweli na siidharau. Lakini kusema krimu hiyo inakwenda kujaza kolajeni ya ndani ni kumdanganya mteja.

Kwa hiyo usindikaji una kazi chache kubwa: kufungua kilichofungwa, kupunguza ukubwa wa kitu, kuondoa kinachodhuru, na kulinda kinachoharibika upesi. Kazi hizi huingiliana. Unachokifungua leo kinaweza kuharibika kesho kwa sababu umekifungua.

Chukua manjano. Rangi yake, na sehemu kubwa ya sifa zake, inatokana na kurkumini. Kurkumini haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha maana, inapenda mafuta. Ukikoroga unga wa manjano na maji ukapaka usoni, uso utakuwa wa njano kwelikweli, lakini kurkumini nyingi itakuwa imebaki ndani ya chembe za unga na utaiosha kwenye karai. Ukipasha mafuta kwa moto mdogo na unga laini wa manjano, kisha ukachuja, utaona mafuta yamekuwa ya dhahabu. Rangi hiyo ni kurkumini iliyohama.

Sasa fanya jaribio hili, linahitaji vikombe viwili tu. Weka nusu kijiko cha manjano katika kila kikombe cha maji. Kimoja kikamulie ndimu, kingine tia magadi. Cha ndimu kitabaki njano. Cha magadi kitageuka wekundu wa damu ya mzee mbele ya macho yako. Wekundu huo ni kurkumini ikibadilika kwenye alikali (kinyume cha asidi), na ikishafika huko huanza kuvunjika. Kwenye maabara imepimwa kwamba hata kwenye maji yasiyo na asidi, pH 7.2 (pH ni kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alikali) na joto la mwili, asilimia 90 hivi ya kurkumini huvunjika ndani ya nusu saa. Sabuni ya mche au ya kipande, ile inayotengenezwa kwa kostiki na mafuta, ina pH ya 9 hadi 10. Wale wanaotengeneza sabuni za manjano wameona jinsi rangi inavyokuwa ya tofali siku ya kwanza na kufifia baadaye. Sabuni hiyo inaweza kusafisha vizuri. Lakini faida ya manjano ikishavunjika haitarudi, na isitoshe, povu unalikalisha usoni kwa sekunde ngapi kabla ya kuliosha? Nilikuwa nazitengeneza. Nimeacha, na wanaozitaka nawapa mafuta ya manjano kwenye chupa nyeusi, kwa sababu mwanga nao ni adui wa kurkumini.

Kuhusu usagaji. Kipande cha upana wa milimita moja kila upande ukikikata kuwa vipande vya sehemu ya kumi ya milimita, unapata vipande 1,000, na eneo la nje linaloweza kugusana na mafuta au maji linaongezeka mara kumi. Ndiyo hekima ya kusaga liwa juu ya jiwe kwa marashi, taratibu, kwa mzunguko, mpaka iwe laini kama krimu. Vilevile inaepusha michubuko: singo, ule mchanganyiko wa kusugulia mwili, ikiwa na chembe zenye kona hukwaruza ule ukuta niliouelezea, na uso uliokwaruzwa huwaka hata kwa kitu kisicho na kosa. Ila mashine za kusaga zina hatari mbili. Zikizunguka kwa kasi hupata moto, na mafuta mepesi yanayobeba harufu hupaa. Ya pili niliipata mwenyewe. Nilipeleka liwa na maganda makavu ya machungwa kwenye mashine ya viungo, sikuuliza ilitoka kusaga nini. Ilikuwa pilipili kichaa. Mteja wa kwanza aliyepaka singo ile alinipigia simu analia. Nilikwenda kwake na maziwa baridi na pesa yake, na tangu siku ile nasaga kwa kinu changu.

Mafuta ya nazi ndiyo yanayobishaniwa zaidi hapa mjini, kwa hiyo niyakalie kidogo. Kuna njia ya bibi zetu: nazi inakunwa kwa mbuzi, tui linakamuliwa na kuchujwa kwenye kifumbu, linachemshwa mpaka maji yaishe na mafuta yaelee, mashapo yakibaki chini yamekuwa ya kahawia. Kuna ya kulaza tui usiku mzima, lichache kidogo, mafuta yajitenge yenyewe bila moto. Kuna ya kukamua kwa mashine bila kupasha. Na kuna ya kiwandani, ambapo mbata hukamuliwa, kisha mafuta husafishwa, hupaushwa na kuondolewa harufu kwa mvuke wa joto kali.

Wauzaji wengi wanasema ya baridi ni bora kuliko yote, moto unaua kila kitu. Si kweli kwa namna hiyo. Asidi za mafuta, ambazo ndizo mwili wa mafuta yenyewe, hazibadiliki kwa maana yoyote kwa kuchemsha tui. Asidi ya lauriki inabaki karibu nusu ya mafuta yote, yapikwe yasipikwe. Vinavyobadilika ni vile vidogo: vitamini E na fenoli, ambazo huzuia mafuta yasiharibike. Usafishaji wa kiwandani huzipunguza sana. Lakini watafiti wa Sri Lanka walichapisha mwaka 2009 matokeo yanayompa bibi heshima yake: mafuta yaliyopatikana kwa kuchemsha yalikuwa na fenoli nyingi kuliko yaliyopatikana kwa baridi, kwa kuwa joto husaidia fenoli zilizomo kwenye maji ya tui kuhamia kwenye mafuta. Mimi nakamua kwa baridi kwa sababu wateja wangu wanapenda harufu yake nyepesi na rangi yake. Siwaambii kwamba ya kupika hayafai.

Kosa la mafuta mengi ya kupika haliko kwenye moto, liko kwenye maji yaliyobaki. Sikiliza sufuria. Tui linapochemka linavuma, kisha linaanza kutatarika, matone ya mwisho ya maji yakipasuka chini ya mafuta. Mtatariko ukinyamaza, maji yamekwisha, toa motoni hapo hapo. Ukitoa kabla, maji yaliyobaki huyavunja mafuta taratibu, na baada ya wiki kadhaa kwenye joto letu chupa itanuka. Mafuta yaliyooza yana asidi zilizo huru zinazowasha ngozi, na mtoto mwenye ngozi kavu ndiye wa kwanza kuumia. Hilo linanisikitisha kwa sababu ndiye ambaye mafuta mazuri yangemsaidia: Ufilipino, mwaka 2014, ulichapishwa utafiti wa watoto 117 wenye pumu ya ngozi isiyo kali sana, na waliopakwa mafuta ya nazi yasiyosafishwa kwa wiki nane walipata nafuu kubwa kuliko waliopakwa mafuta ya madini.

Hayo hayatoshi kumpa kila mtu mafuta ya nazi. Uso wenye chunusi na jasho la mwezi wa Februari si mahali pake, usindike utakavyo.

Kuchachusha ni usindikaji wa zamani kuliko kiwanda chochote. Maziwa mabichi yana sukari yake, na sukari hiyo haina kazi kubwa usoni. Bakteria wakiila, maziwa yakawa mtindi, inakuwa asidi ya laktiki, molekuli ndogo ya daltoni 90, jamaa wa unyevu wa asili uliomo kwenye ngozi yako sasa hivi. Inavuta maji na kulegeza seli zilizokufa. Viwandani wanaichukua asidi hiyo hiyo, wanaipima na kurekebisha pH. Wataalamu wa usalama wa vipodozi wa Marekani wameweka mpaka wa asilimia 10 na pH isiyo chini ya 3.5 kwa bidhaa za kujipaka nyumbani. Mtindi uko chini sana ya asilimia hiyo, ndiyo maana hauchomi. Ndimu isiyochanganywa na kitu iko karibu na pH 2. Isitoshe, ganda lake lina vitu ambavyo vikipigwa na jua juu ya ngozi huleta malengelenge na madoa meusi ya miezi. Shangazi anaitumia ndimu ndani ya bakuli la hina, hampaki mtu usoni akamtuma Kariakoo saa saba mchana.

Mshubiri nao. Wazee walipaka utomvu wake kwenye chuchu kumwachisha mtoto ziwa, na lugha yetu inasema chungu kama shubiri. Uchungu huo umo kwenye utomvu wa njano ulio chini ya ganda, na ndio unaowasha. Jeli ya katikati ni kitu kingine, maji kwa asilimia 98 au 99, pamoja na sukari ndefu zinazotuliza. Kwa hiyo kata jani, lisimamishe kwenye glasi robo saa utomvu uchuruzike, osha, ndipo umenye. Tumia siku hiyo. Jeli ya dukani inayokaa mwaka mzima imepashwa joto na kutiwa vihifadhi, na ninawatetea hapo: kitu chenye maji bila kihifadhi, katika mji huu, kinaota kuvu ndani ya siku chache.

Kuna njia mpya zaidi. Katika miaka ya 1960 Alec Bangham, mtafiti wa Uingereza, alionyesha kwamba mafuta ya aina ya lesithini yakiwekwa kwenye maji hujikunja yenyewe kuwa vifuko vidogo mno, na mwaka 1986 kampuni ya Dior ya Ufaransa ilitoa krimu ya Capture iliyotumia vifuko hivyo, liposomu. Kiambato kinachooza haraka au kisichopenda mafuta huwekwa humo kikasafiri salama. Vingi hupasukia kwenye tabaka za juu za ngozi, na kwa vitamini nyingi hapo panatosha. Neno hilo likiandikwa kwenye kopo la elfu tatu la kando ya barabara, nalitilia shaka, kwa sababu mashine za kuvitengeneza si za jikoni.

Na kinga ya jua isitengenezwe jikoni kabisa. Oksidi ya zinki inazuia miale ikiwa chembe zake zimetawanywa sawasawa. Ukiikoroga kwa mwiko inajikusanya madonge, na kati ya donge na donge pana uwazi ambao macho hayauoni lakini jua linauona. Kwa ndugu zetu wenye ualbino uwazi huo ni saratani. Kule Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, wanatengeneza krimu ya kinga ya jua iitwayo Kilisun kwa ajili yao, kwenye maabara, na kazi hiyo inastahili kubaki kwenye mikono ya namna hiyo.

Mkato wa kuruka usindikaji una gharama. Hina inadai subira ya usiku mzima, piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, haidai. Weusi wa piko ya haraka mara nyingi unatoka kwenye dawa ya rangi ya nywele iitwayo PPD. Ulaya imeruhusiwa kwenye rangi ya nywele mpaka asilimia 2 tu, na kuipaka moja kwa moja kwenye ngozi hairuhusiwi. Ina daltoni 108, inapenya bila kizuizi, na mtu akishaikataa mwilini anaikataa maisha yote. Nimeona maharusi wenye maua ya malengelenge, yamefuata mchoro ule ule wa ua. Mkorogo ni jambo lile lile kwa sura nyingine: zebaki na haidrokwinoni, ambazo sheria yetu imezipiga marufuku kwenye vipodozi, zinaleta weupe wa wiki mbili kwa kuvunja kazi ya ngozi.

Julai iliyopita mama mmoja wa Mbagala alinijia asubuhi na mapema na chupa mbili. Moja ilikuwa yangu, imeganda nyeupe kama samli. Nyingine alinunua kwingine, imeandikwa mafuta ya nazi, safi kama maji. "Dada, haya yako umechanganya na nini?" aliniuliza.

Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 au 25, na alfajiri za Julai Dar es Salaam hushuka chini ya 20. Yanayoganda alfajiri na kuyeyuka adhuhuri ni mazima. Yasiyoganda kabisa yanaweza kuwa yamechanganywa na mafuta mengine, au ni mafuta ya nazi kweli ila yamechujwa kiwandani kwa kutenganisha asidi zake, na iliyoondolewa ni lauriki. Ya aina hiyo ni mepesi, hayanuki, yanafaa kuchanganyia manukato. Ila yeye alikuwa anamtafutia mjukuu wake mwenye pumu ya ngozi, na utafiti ule wa watoto haukufanywa kwa mafuta yaliyotolewa lauriki. Nilimwekea chupa yangu juani, kwenye ngazi. Tulikaa hapo tukizungumza habari za mtoto mpaka ikayeyuka.